Miaka minne kolisenta: uchovu wetu unapigiwa hesabu kabla hatujakaa kitini

BintiKimara (mtoa mada)

Wakuu, habari za usiku. Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo naanzisha uzi wangu wa kwanza. Ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nilifanya kazi kolisenta hapa Dar miaka minne. Kampuni siitaji. Ukipiga namba ya huduma kwa wateja ulinisikia nikitaja jina la mtandao wako wa simu kwa sauti ya uchangamfu, lakini mtandao huo haukuwahi kuniajiri. Mkataba wangu ulikuwa wa kampuni ya autsosi, wa miezi sita sita. Mtandao unailipa kampuni, kampuni inanilipa mimi. Hata kamba ya kitambulisho shingoni ilikuwa na rangi yake, ili mlinzi ajue nani ni wa nyumbani na nani ni wa mkataba.

Kwa asiyejua kazi yenyewe: ukishavaa hedifoni, simu haisubiri uipokee. Inalia mlio mmoja mfupi sikioni, tii, na mtu yuko hewani. Ukimaliza naye una sekunde chache za kuandika alichosema, halafu tii nyingine. Ukutani kuna skrini kubwa inayoonyesha wangapi wako kwenye foleni. Namba ikiwa nyekundu unajua kiongozi wa timu atapita nyuma ya viti. Kwenda chooni unabonyeza kitufe kwanza, na dakika zako zinaanza kuhesabiwa. Wastani wa simu unatakiwa usizidi dakika tatu.

Usiku mmoja, saa nane hivi, alinipigia mama. Alikuwa ametuma laki moja na themanini za mtoto aliyelazwa, na tarakimu ya mwisho akabonyeza 6 badala ya 9. Nilipofungua muamala nikaona pesa imeshatolewa kwa wakala dakika kumi na moja kabla. Yeye alikuwa hajui. Skripti yangu ilisema nimwambie ombi lake limepokelewa na litashughulikiwa. Nikamwambia. Akauliza, "Kwa hiyo asubuhi nitaikuta, mwanangu?" Sikuweza kukata. Nilikaa naye dakika tisa, na nusu ya muda huo hakuna aliyekuwa anaongea, nilikuwa namsikia tu akihema. Alipokata yeye mwenyewe, tii: kijana anauliza kifurushi cha wiki.

Ijumaa watu wa kwaliti wakaniita. Ile simu ndiyo waliyoichagua kuisikiliza. Pointi zikakatwa kwa kuzidisha muda, na nyingine kwa sababu sikumuuliza mteja kama kuna kingine cha kumsaidia. Bonasi ya mwezi ule ikaondoka.

Sikuugua siku moja. Ilikuja kidogo kidogo. Nilianza kuusikia ule mlio nikiwa bafuni. Usingizi wa mchana baada ya shifti ya usiku ulikuwa saa tatu, nne nikibahatika, maana Kimara mchana kuna kila kelele. Mama yangu akinipigia kutoka Korogwe nilikuwa natazama saa ya simu, na ikifika dakika ya tatu nakatisha maneno yake, "Sawa mama, nimekuelewa." Mama alimwambia dada yangu kwamba nimekuwa na kiburi. Mwanangu akilia, mwili mzima ulikuwa unakaza kama vile mteja anatukana.

Kampuni iliona watu wanaacha kazi kwa wingi, ikatuletea mtaalamu wa hamasa, Jumamosi, siku ambayo wengi wetu tulikuwa mapumziko. Akatufundisha kuvuta pumzi na kuwa na mtazamo chanya. Mtu yule alikuwa na nia njema na sina neno naye. Lakini nilitoka pale nikilia kwenye daladala, kwa sababu somo zima lilikuwa kwamba tatizo liko ndani yangu.

Nimeacha, ni mwaka sasa, na nalala. Ninachotaka tukizungumze ni hiki: anayepanga dakika tatu siye anayenilipa, na anayenilipa anasema dakika tatu ni matakwa ya mteja wake, yaani mtandao. Sasa uchovu wangu ni wa nani?

---

KijanaWaTemeke

Pole sana dada. Lakini nitasema ukweli wangu. Nina digrii tangu 2021 na sijawahi kuvaa hata hiyo hedifoni. Nimetuma maombi kwenye kampuni hizo mara nne. Kwetu sisi hiyo miezi sita ni neema. Ukisema kazi inaumiza, waajiri wanajua nyuma yako tumejipanga foleni tusioogopa kuumia. Mngejikaza kidogo huku mkitafuta pengine.

---

BintiKimara

Kaka, sikulaumu hata kidogo, na nakuombea uipate. Nami niliingia nikimshukuru Mungu. Mshahara ule ulilipa ada ya mdogo wangu hadi akamaliza VETA. Ndiyo maana nilijikaza miaka minne na si miezi minne. Ila foleni yenu ndiyo tuliyokuwa tunatishiwa nayo kila wiki. Siku utakapoingia, nataka uikute kazi inayobebeka.

---

MpangaZamu

Mtoa mada, kichwa cha uzi wako kina ukweli kuliko unavyodhani. Mimi ndiye niliyekuwa nikizipiga hizo hesabu. Miaka sita nilikuwa mpangaji wa zamu, kampuni tofauti na yako, jiji lilelile. Ngoja niwaonyeshe inavyofanyika, maana ejenti wengi, yaani ninyi mnaopokea simu, hawajawahi kuonyeshwa.

Kwenye mikataba mingi ya kazi hizi kuna namba inaitwa 80/20: asilimia 80 ya simu zipokelewe ndani ya sekunde 20. Ndiyo kipimo kilichozoeleka duniani. Kujua watu wangapi wanahitajika tunatumia kanuni ya Mdenmaki mmoja, A. K. Erlang, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu ya Copenhagen. Aliitoa mwaka 1917 na mpaka leo programu nyingi za kupanga zamu zinaitegemea.

Chukua mfano. Nusu saa moja zinaingia simu 100, kila moja dakika tatu. Hizo ni dakika 300 za maongezi, yaani kazi ya watu 10 wanaoongea bila kupumua. Ukiweka watu 10 kamili foleni haitaisha milele, kwa sababu simu haziji kwa mstari, zinakuja kwa mafungu. Ukiweka 13 unafika 80/20 kwa kugusa tu. Mteja anasubiri wastani wa sekunde 17, na kila ejenti yuko kwenye simu asilimia 77 ya muda wake. Hiyo asilimia 23 inayobaki ndiyo pumzi yenu. Ndipo mtu anakunywa maji, ananyoosha mgongo, anafuta machozi.

Sasa toa wawili. Mmoja anaumwa, mwingine yuko chooni. Wamebaki 11. Mngedhani huduma itashuka kidogo. Inaanguka kutoka 80 hadi asilimia 39, na kusubiri kunapanda kutoka sekunde 17 hadi dakika mbili. Wale 11 sasa wako hewani asilimia 91 ya muda. Na wateja waliosubiri dakika mbili hawaji na salamu, wanakuja na matusi.

Ndiyo sababu kiongozi wa timu anakufuata mlangoni mwa choo. Hana chuki na wewe. Kuna mtu kama mimi alipanga 13 wakati anajua kabisa kwamba kila siku kuna mgonjwa mmoja na msiba mmoja. Nilikuwa nikiomba 15, narudishiwa jibu kwamba bei tuliyoshindia tenda haibebi 15. Kampuni zinashindana kwa bei, na mshahara ndio gharama kubwa kuliko zote, kwa hiyo anayeshinda mara nyingi ni aliyeipunguza ile pumzi.

Niliacha kazi hiyo kwa sababu nilianza kuziona sura za watu kwenye jedwali.

---

BintiKimara

Mkuu MpangaZamu, nimeisoma mara tatu. Miaka minne nilikuwa najiuliza kwa nini siku fulani zinakuwa jehanamu na siku nyingine, kwa simu zilezile, zinapita. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba watu wawili tu wanaweza kufanya vile. Nilikuwa nadhani ni mimi.

---

TimLida

Naomba niseme kwa niaba yetu tunaopita nyuma ya viti. Nina ejenti 15 chini yangu. Ripoti yangu inatoka kila nusu saa, usiku na mchana, na ikiwa nyekundu mara mbili mfululizo simu yangu inalia. Mshahara wangu hauwazidi ejenti kwa kiasi cha kujivunia. Nimewahi kumnyima binti ruhusa ya kwenda kumwona mama yake hospitali kwa sababu tulikuwa pungufu. Mama alipona, nashukuru Mungu, lakini binti yule hajanisalimia tena kwa moyo na ana haki. Sijui kama kuna mtu anatuuliza sisi tunalalaje.

---

UsikuNairobi

Hamjambo nyote. Naandika kutoka Nairobi. Kazi yangu ni kujibu ujumbe wa wateja wa duka la mtandaoni la Marekani. California iko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kulingana na majira, kwa hivyo mchana wao ndio usiku wangu: naingia saa mbili usiku, natoka alfajiri. Wateja hawajui niko Kenya. Nimepewa jina la Kizungu la kutumia. Haya ya dakika na pointi, ni yale yale.

Lakini nataka kuongeza kitu kwa swali la dada, uchovu ni wa nani, kwa sababu huku swali hilo limefika kortini na linafuatiliwa na dunia nzima.

Kuanzia 2019 Facebook ilikuwa na wachujaji wa maudhui hapa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya kati inayoitwa Sama. Kazi yao ilikuwa kutazama picha na video zilizoripotiwa kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa lugha kama Kisomali, Kiamhari, Kizulu na hiki Kiswahili chetu, na kuamua nini kiondolewe. Watu kuchinjwa, watoto kudhulumiwa, mtu kujiua mbele ya kamera. Wewe na mimi hatuvioni kwa sababu kuna mtu alivitazama kwanza. Mwaka 2022 jarida la TIME liliandika kwamba baadhi yao walikuwa wakilipwa takriban dola moja na nusu kwa saa. Mwaka huohuo Daniel Motaung, mwenyeji wa Afrika Kusini aliyekuwa mmoja wao na kufutwa baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake, aliishtaki Meta, kampuni mama ya Facebook, pamoja na Sama. Mapema 2023 Sama ikatangaza inaacha kazi hiyo, watu kama 260 wakaambiwa ajira zinaisha, na kesi nyingine ya wachujaji zaidi ya 180 ikaingia.

Jibu la Meta lilikuwa lile mnalolijua: hawa si wafanyakazi wetu, na sisi hatuko Kenya. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikasema kampuni hiyo inaweza kushtakiwa hapa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema vivyo hivyo. Na Desemba 2024 ikajulikana kwamba wachujaji 144 walipimwa na Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na wote akawakuta na ugonjwa wa kiwewe, ule unaowapata watu waliotoka vitani.

Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa kwa matatu, asubuhi, natoka kazini. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu nikatembea. Huko Marekani kwenyewe, mwaka 2020, Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kwa wachujaji wake wa huko walioumizwa na kazi hiyohiyo, ingawa nao wengi walikuwa wameajiriwa kupitia kampuni za kati. Macho ya Mwafrika yanaona damu ileile.

Jambo moja limenipa nguvu. Mei Mosi 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi hizi walikutana hapa Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Watu waliokuwa wametia sahihi karatasi za kunyamaza, wamesimama ukumbini wakiinua mikono.

---

MuuguziWaZamu

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni muuguzi, kitengo cha afya ya akili, na wafanyakazi wa kolisenta nimewapokea.

Dada BintiKimara, ulichokieleza kina jina, kwa Kiingereza "burnout". Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilikiweka kwenye orodha yake mpya ya magonjwa na hali za afya, ile iliyoanza kutumika 2022. Hawakukiita ugonjwa. Walikiita hali inayotokana na msongo sugu wa kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo, na dalili zake ni tatu: nguvu kuisha kabisa, kuichukia au kujitenga na kazi yako, na kuona huwezi tena kuifanya vizuri. Angalieni lilipowekwa neno "kazini". Wametaja chanzo.

Kwa walioko kwenye shifti za usiku sasa hivi: mwili unajua usiku kwa giza, kwa hiyo mwanga wa asubuhi ukirudi nyumbani unauambia usilale. Vaa miwani ya jua njiani, ziba dirisha kwa kitenge kizito, lala saa ileile kila siku, na kahawa iishe nusu ya kwanza ya shifti. Havitatibu upungufu wa watu kazini, ila vitakusaidia kulala zaidi kidogo.

Na mtu akifika mahali anawaza kufa, au haoni sababu ya kuamka, hilo halisubiri likizo. Aende hospitali siku hiyohiyo, ya wilaya, ya rufaa ya mkoa, au Muhimbili kwa walio Dar, aseme kwa maneno hayohayo. Asiende peke yake. Watu wengi wanaogopa wataonekana vichaa. Tunawapokea, wanatibiwa, wanarudi kwa watoto wao.

---

KijanaWaTemeke

Nimesoma yote. Dada, neno langu la "jikaze" nalifuta. Swali: kwa hapa kwetu sheria inasema nini? Maana nikiitwa kesho nitasaini tu.

---

MsomaSheria

Mdogo wangu, kwa kifupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamlinda mfanyakazi wa autsosi sawa na mwingine, ila mwajiri wako ni yule aliyesaini mkataba, siyo yule unayelitaja jina lake kwenye simu. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo una haki ya mapumziko ya dakika 60. Usiku kisheria ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Angalia hati yako ya mshahara, wengi hawajui kwamba mstari huo unatakiwa kuwepo. Likizo ya ugonjwa ni hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, ya pili kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Ugonjwa wa akili nao ni ugonjwa, cheti chake ni cheti.

Ukiachishwa isivyo haki, unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Usikae nyumbani ukisubiri wakupigie. Kuna tundu moja linalowaumiza sana watu wa kazi hizi: mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyohuyo, hata kwa mikataba zaidi ya mmoja, hana kinga hiyo dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Sasa tazama tena ule mkataba wa kwanza wa miezi sita.

---

BintiKimara

Wakuu, nimekaa kimya siku mbili kwa sababu nilikuwa na watu.

Niliuchapa uzi huu kwenye karatasi nikampelekea rafiki yangu ambaye bado yuko kwenye shifti ileile. Wameusoma kwenye basi la wafanyakazi, mmoja akishika tochi ya simu. Wamekubaliana waombe kitu kimoja tu: baada ya simu nzito, ya msiba, ya pesa iliyopotea, ya matusi, mtu apewe sekunde 60 za kukaa kimya kabla ya mlio mwingine. Kiongozi wao amesema haiwezekani, mtandao hautakubali, gharama itakuwa kubwa mno.

MpangaZamu, kama unapita humu. Simu za namna hiyo ni kama moja kati ya tano. Kwenye ule mfano wako wa watu 13, hizo sekunde 60 zinagharimu watu wangapi?

---

MpangaZamu

Nimeipiga sasa hivi. Simu moja kati ya tano ikiongezewa sekunde 60, wastani unatoka sekunde 180 kwenda 192. Kwa watu 13 wale wale, huduma inashuka hadi kama asilimia 69, kwa hiyo kiongozi hajawadanganya, kwa 13 haiwezekani. Kwa watu 14 inakuwa asilimia 82 ndani ya sekunde 20. Juu ya kile mkataba unachodai.

Ni mtu mmoja, dada. Nimekutumia jedwali lenyewe kwenye ujumbe wa faragha, walichape wakaliweke mezani.

---

KijanaWaTemeke

Huyo wa 14 niko hapa.